Kikundi kidogo cha Biblia kwa vijana wa miaka 12 hadi 15: mwongozo kamili wa kujifunza na kucheza pamoja

Katika sharika zetu nyingi kuna umri ambao hauna mwenyewe. Kijana wa miaka 13 amekuwa mrefu mno kwa mabenchi ya Shule ya Jumapili, na anaona aibu kuimba nyimbo za ishara pamoja na mdogo wake wa miaka sita, lakini kwaya ya vijana nayo inamwona bado ni mtoto. Darasa la kipaimara humshika kwa muda, akakariri anayotakiwa kukariri, akavaa nguo nyeupe siku ya ibada, na baada ya hapo wengi hatuwaoni tena mpaka siku ya harusi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mlezi, mwinjilisti au mzazi anayetaka kuwakusanya vijana wa umri huo wachache, wasome Biblia wenyewe na kucheza kwa furaha. Mifano nimeitoa Dodoma, mahali ninapofanyia kazi hii, na msomaji wa Mombasa, Bukavu au Bujumbura ataibadilisha kulingana na mazingira yake.

Kabla ya kumwalika kijana hata mmoja

Anza kwa mchungaji na wazee wa kanisa, uwaeleze unataka kukutana na nani, siku gani, wapi, na nani atakusaidia. Kisha nenda nyumbani kwa kila mzazi au mlezi. Barua iliyotumwa kwa mkono wa mtoto haitoshi, kwa sababu mama aliyekuona umeketi uani kwake, ukanywa naye maji na kumweleza kwamba binti yake atarudi kabla ya magharibi, atamruhusu binti huyo kwa moyo mweupe na atakuuliza siku ambayo hakumwona akitoka. Katika ziara hiyo andika kwenye daftari jina la kijana, namba ya simu ya mzazi, na kama kijana ana pumu, kifafa au ugonjwa mwingine ambao mlezi anapaswa kuujua kabla watoto hawajaanza kukimbia.

Walezi wawe wawili kila mara, na ikiwezekana mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania, mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo kila mwanakikundi wako ni mtoto mbele ya sheria hata kama ameanza kuota ndevu. Mlezi asibaki peke yake na kijana katika chumba kilichofungwa, asimpakie peke yake kwenye pikipiki, wala asiwasiliane naye kwa siri kwa ujumbe wa simu usiku. Mambo haya waelezeni wazazi na vijana wenyewe siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, ili kila mmoja ajue kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa.

Idadi nzuri ni vijana sita hadi kumi. Wakizidi kumi, watatu wataongea na waliobaki watasikiliza, na hapo utakuwa umeanzisha ibada nyingine ndogo badala ya kikundi. Wakifika 12, gawanyeni mapema, kila kikundi kiwe na walezi wake wawili, hata kama mtaendelea kucheza pamoja.

Mahali, saa na Biblia

Sisi hukutana Jumamosi chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa, kuanzia saa 9:30 alasiri mpaka saa 11:00 jioni. Asubuhi vijana wengi huchota maji, hufua sare za shule au huenda masomo ya ziada, na ukiwaita saa hizo utapata watoro wasio na kosa. Tandika mikeka kwa duara, na mlezi aketi mkekani pamoja nao, kwa kuwa akikaa juu ya kiti tayari amekuwa mwalimu wa darasani na vijana wataanza kunyoosha vidole kuomba ruhusa ya kusema. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua inapotarajiwa, uwe umeshaomba ufunguo wa chumba kimoja cha kanisa, na madirisha na mlango viachwe wazi.

Kuhusu Biblia, tafuta tafsiri mbili. Tafsiri ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 ndiyo inayosomwa katika ibada zetu nyingi, na vijana wanapaswa kuizoea, lakini Kiswahili chake cha zamani huwapa baadhi yao taabu. Biblia Habari Njema ni nyepesi zaidi, na inatumiwa na Waprotestanti na Wakatoliki pia, jambo linalosaidia rafiki wa Kikatoliki anapofuatana na mwenzake. Tafsiri mbili zikiwa mkononi, vijana wenyewe huanza kulinganisha, na kulinganisha huko ndiko mwanzo wa kusoma kwa makini. Simu zikusanywe kwenye kikapu, kwa sababu ujumbe mmoja unaoingia unatosha kuwatoa watatu katika somo.

Kuandaa somo: mchezo uchaguliwe mwisho

Kosa nililolifanya mwaka mzima wa kwanza ni kuuweka mchezo kama chambo. Tulikuwa tunacheza mpira nusu saa, halafu napuliza filimbi, natangaza kwamba sasa ni wakati wa Neno, na nyuso zote zinashuka. Bila kukusudia niliwafundisha kwamba furaha ni kitu kimoja na Biblia ni kitu kingine, na kwamba ya kwanza ni malipo ya kuivumilia ya pili. Niligeuza utaratibu nilipoelewa kwamba mchezo unaweza kuzaliwa na somo lenyewe, ukawa mlango wa kuliingilia.

Kwa hiyo soma kifungu Jumatatu, ukirudie Jumatano na Ijumaa, kila mara ukiandika jambo lililokushangaza. Usikimbilie vitabu vya ufafanuzi kabla hujakaa na maneno yenyewe. Ukishaona kiini cha kifungu kiko wapi, andika maswali matano tu, na baada ya hapo ndipo ujiulize ni mchezo gani utakaowafanya vijana waonje kwa mikono na miguu yao kile watakachokisoma. Ukiukosa mchezo unaolingana, chezeni rede au kombolela baada ya somo bila kulazimisha maana yoyote, kwani mchezo wa kawaida nao ni kitu chema.

Mfano wa kipindi kizima: Marko 2:1-12

Kisa ni cha mtu aliyepooza ambaye watu wanne walimshusha kupitia darini huko Kapernaumu. Vifaa vinavyohitajika ni kitenge kimoja au viwili vilivyo imara, bakuli la plastiki, maji, na Biblia.

Dakika kumi za kwanza ni za kusalimiana na kuimba wimbo mmoja au miwili wakati wachelewaji wanafika. Wanaochelewa wasisemwe, kwa sababu aliyechelewa huenda ametoka bombani mbio.

Dakika 20 zinazofuata ni za mchezo. Vijana wanne wanashika pembe nne za kitenge, kila mmoja pembe yake, na katikati panawekwa bakuli lililojaa maji hadi karibu na ukingo. Wanatakiwa kutembea hatua 20, wazunguke mti, warudi, na walitue bakuli mkekani taratibu bila maji kumwagika. Kikundi cha pili kinafuata, na maji yaliyobaki yanapimwa. Angalia kinachotokea: aliye mrefu anainua pembe yake bila kujua, bakuli linateleza kuelekea kwa aliye mfupi, mtu anapiga kelele, wote wanasimama. Baada ya jaribio la pili wanaanza kuhesabu hatua kwa pamoja, moja, mbili, moja, mbili, na yule mrefu anatembea amekunja magoti. Usieleze chochote. Waache wacheke, wakaukie jua kidogo, waketi. Usimbebe mtu kwenye kitenge badala ya bakuli, hata wakikuomba, kwa maana kitenge hupasuka na mgongo wa mtoto hauna akiba.

Kisha dakika 35 za kusoma na kuzungumza. Kifungu kisomwe mara mbili. Mara ya kwanza mmoja anasoma chote polepole. Mara ya pili gawa sehemu: msimulizi, Yesu, umati, na waandishi, yaani walimu wa Sheria. Hapa wenye sehemu ya waandishi watakwama, kwa kuwa waandishi hawakusema kitu kwa sauti, walifikiri mioyoni mwao, na vijana watabishana namna ya kusoma mawazo. Katika kikundi chetu mmoja aliamua kuyanong'ona akiwa ameziba mdomo kwa Biblia, na ghafla wote wakaona ajabu iliyomo: Yesu aliwajibu watu ambao hawakuwa wamefumbua midomo.

Waulize nyumba ile ilijengwaje mpaka dari lake likatobolewa. Vijana wa Dodoma wana bahati hapa, kwa sababu wengi wameona tembe la Wagogo kijijini kwa bibi, lenye paa bapa la magogo na fito lililofunikwa udongo, na nyumba za Galilaya za wakati ule ziliezekwa kwa namna inayofanana na hiyo. Kijana aliyewahi kupanda juu ya tembe atawaeleza wenzake kuhusu vumbi na madongo yanayoanguka ndani paa likiguswa, na utaona wanaanza kufikiria vichwa vya waliokuwa wameketi chini. Anayejua nyumba za bati peke yake achorewe kwenye mchanga.

Linganisheni tafsiri pia. Union Version inasema liliteremshwa godoro, na Habari Njema inasema mkeka. Wakiuliza kipi ni sahihi, waambie kwamba neno la Kigiriki linataja kitanda duni cha mtu maskini, kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba, na ndivyo yule mtu alivyofanya alipoondoka. Msiendelee hapo muda mrefu.

Kiini cha kipindi ni mstari wa tano, unaosema kwamba Yesu "alipoiona imani yao" alimsamehe yule mtu dhambi zake. Uliza swali hili moja, kisha unyamaze: imani ya nani? Kiswahili chetu kinasaidia, kwa kuwa andiko linasema "yao", wala halisemi "yake". Mtu atasema ni ya wale wanne. Mwingine atasema na mgonjwa yumo ndani ya "yao", maana asingekubali kubebwa na kuning'inizwa. Wote wawili wana hoja, na hutakiwi kuamua ugomvi huo. Ndipo mwombe mmoja akumbuke kitenge: pembe moja ilipoachiwa kulitokea nini? Mara nyingi hutahitaji hata kuuliza, wataunganisha wenyewe, na kile walichokiunganisha wenyewe hakiwatoki upesi.

Maliza kwa swali linalofika nyumbani: katika darasa lako au mtaani kwako ni nani asiyeweza kufika peke yake, na ni nani wengine watatu wa kumbeba pamoja nawe? Waache wajibu kwa vitu vidogo vinavyowezekana wiki hiyo, kama vile kumpitia mwenzao aliyeacha kuja shule, au kumchotea maji mzee anayeishi peke yake. Waandike kwenye daftari, na Jumamosi inayofuata waulizwe bila kukemewa.

Dakika kumi za maombi ziwe za sentensi moja moja, na asiyetaka kuomba kwa sauti amguse wa pembeni yake, zamu ipite. Dakika 15 za mwisho ni za kula na kucheza wapendavyo. Ndoo safi yenye bomba iliyojaa juisi ya ubuyu na karanga za kukaanga zinatosha kikundi chote. Mikono inawe kwanza, na juisi itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

Namna ya kuuliza, na namna ya kunyamaza

Luka anaandika kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12 alikutwa hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Naupenda mstari huo kwa ajili ya kazi hii, kwa sababu Bwana mwenyewe katika umri wa vijana wetu alipewa nafasi ya kuuliza na watu wazima.

Maswali yako yasiwe ya kujibiwa ndiyo au hapana, wala yasiwe yale ambayo kila mtu anajua jibu lake la kanisani. Ukiuliza, "Je, tunapaswa kuwapenda wenzetu?" utajibiwa "Ndiyo" kwa pamoja, na hakuna aliyefikiri. Uliza kwanza mnachokiona kwenye andiko, halafu kwa nini kiko hivyo, mwisho kinatuhusu vipi. Ukishauliza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua mdomo tena. Kimya kile humtisha mlezi kuliko kijana, na mwenye haya mara nyingi huanza kusema ukifika saba au nane.

Anayeongea sana mpe kazi ya kuandika mawazo ya wenzake. Mwenye haya usimrushie swali la ghafla, ila mpe sehemu ya kusoma ambayo umemwonyesha mapema. Kijana akikuuliza swali usilolijua, kwa mfano mwenye nyumba ile alisemaje kuhusu dari lake, mjibu kwa ukweli kwamba Marko hasemi, na kama ni la mafundisho mwambie utamuuliza mchungaji, kisha uulize kweli na umletee jibu. Na usihubiri. Matendo 20 inamtaja kijana Eutiko aliyelala usingizi dirishani Paulo alipoendeleza hotuba hata usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na huyo aliyekuwa akihubiri alikuwa Paulo.

Michezo mingine inayobeba somo

Vitendawili ni hazina tuliyonayo nyumbani. Mmoja anasema, "Kitendawili!" wengine, "Tega!" naye anatega habari za Biblia kwa maneno yake: "Nilimeza mtu nikamtapika nchi kavu." Wakishindwa wanampa mji, na akishakula mji anatoa jibu pamoja na kitabu na sura, ambayo lazima ithibitishwe kwa kufunguliwa. Wiki ya kwanza tega wewe, na kuanzia ya pili watege wao, kwa kuwa anayetunga kitendawili kuhusu Yona hulazimika kusoma habari za Yona. Wakumbushe kwamba Samsoni naye alitega kitendawili kwenye karamu yake ya harusi, katika Waamuzi 14.

Mashindano ya kufungua Biblia yafanywe wawili wawili, mmoja anayejua mpangilio wa vitabu na mmoja asiyejua, la sivyo mshindi atakuwa yule yule kila wiki. Zawadi za pipi niliziacha kabisa baada ya kugundua kwamba waliokuwa wakishindwa walianza kutokuja. Sasa kikundi kinachoshinda kinachagua wimbo wa kufungia, na hilo linawatosha.

Mstari wa kukariri ugawe katika vipande vya karatasi, uvitawanye chini ya mikeka, wavikusanye na kuvipanga. Mstari mmoja kwa wiki mbili unatosha.

Mpango wa majuma manane katika Injili ya Marko

Juma la kwanza ni wito wa wavuvi (1:16-20), la pili ni 2:1-12, na la tatu ni dhoruba ziwani (4:35-41). Juma la nne ni binti Yairo na mwanamke aliyegusa vazi (5:21-43), na hapa tulia, kwa sababu binti huyu alikuwa na miaka 12, sawa na wanakikundi wako wadogo. Yesu anamwambia, "Talitha, kumi," na kila mwaka kuna kijana anayeuliza kwa nini anamwita wa kumi wakati ana miaka 12. Usimcheke, mweleze kwamba hayo ni maneno ya Kiaramu na kwamba Marko anayatafsiri papo hapo: Msichana, nakuambia, inuka. Kisha waonyeshe amri ya mwisho ya kisa, kwamba apewe chakula, na siku hiyo toeni karanga mara tu baada ya mstari wa 43. Kwa habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, mlezi wa kike aongoze, na azungumze kwa heshima na bila kuficha, kwani wasichana wengi wamebeba aibu ya hedhi ambayo kisa hiki kinaigusa moja kwa moja.

Majuma yanayobaki ni mikate mitano na samaki wawili (6:30-44), Bartimayo (10:46-52), Petro akimkana Bwana (14:66-72) na kaburi tupu (16:1-8). Likizo za Juni na Desemba huwarudisha wa shule za bweni, kwa hiyo panga mpango uanze wakati ambao wengi wapo.

Kijana anapokuambia jambo zito

Siku moja, labda wakati wa kukusanya mikeka, kijana atakuambia kwamba anapigwa, anaguswa vibaya, au analala njaa. Usimwahidi kwamba utaficha. Msikilize bila kumhoji kama polisi, mwambie amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha mjulishe mlezi mwenzako na mchungaji siku hiyo hiyo, isipokuwa kama anayetajwa ni mmoja wao. Simu ya bure ya msaada kwa watoto Tanzania ni 116, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Jambo la namna hii lisimalizwe kwa maombi peke yake wala kwa kikao cha familia kinachomtaka mtoto asamehe.

Kuwakabidhi

Kuanzia juma la tano, kijana mmoja aongoze mchezo. Juma la saba wawili waongoze maswali, mkiwa mmeyaandaa pamoja siku ya Alhamisi. Juma la nane waachie kipindi kizima, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka kugawa karanga, nawe uketi mkekani Biblia yako ikiwa wazi, usome zamu yako ikifika, na ujibu ukiulizwa.